Maana na Umbo katika Lugha za Kompyuta: Historia Fupi ya Majaribio

Utangulizi

Miongoni mwa hoja zinazotolewa mara kwa mara dhidi ya kukitumia Kiswahili katika elimu ya sayansi, moja inahusu kompyuta. Inadaiwa kwamba mashine hii ilizaliwa katika Kiingereza, kwamba huelewa Kiingereza peke yake, na kwamba anayetaka kuiamuru hana budi kukimudu Kiingereza kwanza. Hoja hii hukubalika kwa wepesi kwa kuwa inao ushahidi wa macho: mwanafunzi akifungua kitabu chochote cha kumfunza uandishi wa programu, aghalabu hukutana na maneno ya Kiingereza katika kila mstari. Walakini, tukitaka kujua kama hali hiyo inatokana na maumbile ya mashine au na maamuzi ya watu, hatuna budi kuiuliza historia.

Makala haya yanakusudia kuchunguza baadhi ya majaribio yaliyofanywa katika lugha za programu tangu miaka ya vita vya pili vya dunia hadi siku zetu. Hatutazungumzia lugha zote, kwani ni nyingi mno. Tutachagua zile ambazo waundaji wake waligusa suala linaloihusu idara ya lugha kama ya kwetu, yaani uhusiano kati ya maana ya amri na umbo la maneno yanayoibeba. Dai letu ni kwamba wavumbuzi walikwisha kuitenga maana na umbo mapema sana, kabla hata ya mwaka 1960. Kwamba Kiingereza kilibaki kwa sababu za biashara na mazoea. Na kwamba swali lililobaki kwa wasomi wa Kiswahili ni zito kuliko lile la kutafsiri maneno.

Suala hili si la anasa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Mnamo mwaka 2022 nchi hiyo iliidhinisha mtaala wa kuwafundisha wanafunzi wa shule uandishi wa programu. Watoto wengi watakaofundishwa huja darasani na Kiswahili, au na lugha ya nyumbani, kabla ya kukimudu Kiingereza. Basi kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mtoto kwamba ugumu anaouona umo katika hesabu yenyewe, na kumwambia kwamba umo katika vazi iliyovishwa hesabu hiyo.

Ni vyema tuyaeleze maneno mawili kabla ya kuendelea. Lugha ya programu ni mfumo wa alama na kanuni ambao binadamu huutumia kuiandikia mashine hatua za kufuata. Mashine yenyewe haitambui ila hali mbili za umeme, ambazo kwa desturi huandikwa 0 na 1. Kati ya maandishi ya binadamu na hali hizo mbili husimama programu nyingine iitwayo kompaila, ambayo kazi yake ni kufasiri. Humu tutaiita mfasiri.

Lugha iliyotangulia mashine yake

Jaribio la awali kabisa lilifanywa na mhandisi wa Kijerumani, Konrad Zuse. Mwaka 1941 alikamilisha mjini Berlin mashine aliyoiita Z3, ambayo iliendeshwa kwa programu. Mashine hiyo iliteketea katika mashambulizi ya mabomu mwaka 1943. Kati ya mwaka 1942 na 1945 Zuse alitunga lugha aliyoiita Plankalkül, yaani hesabu ya mipango. Vita vilipokaribia mwisho aliihama Berlin na mashine yake ya nne, akakimbilia milima ya kusini ya Ujerumani, na huko akaendelea na kazi hiyo.

Lugha ya Zuse haikutegemea Kijerumani wala lugha nyingine ya watu. Iliandikwa kwa alama za mantiki zilizopangwa katika safu, mstari mmoja ukionyesha kigeu, mwingine ukionyesha aina yake. Zuse aliitumia kuandika, pamoja na mambo mengine, kanuni za mchezo wa sataranji. Hakuwa na mashine ya kuitekeleza. Maelezo kamili ya lugha hiyo hayakuchapishwa hadi mwaka 1972, na mnamo mwaka 2000, Zuse akiwa amefariki miaka mitano iliyotangulia, watafiti wa Chuo Kikuu Huria cha Berlin waliitengenezea mfasiri. Kwa hiyo, lugha ya kwanza ya daraja la juu tunayoijua haikuwa na neno hata moja la Kiingereza.

Grace Hopper na hofu ya wakubwa wake

Mtu aliyeyaleta maneno ya kawaida katika kompyuta ni Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani na afisa wa jeshi la majini. Mwaka 1952, akiwa na kampuni iliyounda mashine ya UNIVAC, alitengeneza programu iliyokusanya vipande vya programu nyingine na kuviunganisha. Wengi hawakuamini kwamba kompyuta ingeweza kujiandikia programu. Waliishika imani kwamba kazi yake ni kujumlisha na kutoa tu. Hopper hakukata tamaa. Aliona kwamba makarani na mameneja hawapendi alama za hisabati, akapendekeza waandike amri zao kwa maneno ya kawaida.

Mwanzoni mwa mwaka 1955 yeye na wenziwe waliwaonyesha wakubwa wa kampuni programu fupi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ili kuthibitisha kwamba jambo hilo ni rahisi, waliionyesha programu ile ile kwa Kifaransa, kisha kwa Kijerumani. Kwa mfasiri, lugha hizo tatu hazikuwa na tofauti ya maana. Kila neno la amri lilikuwa mfuatano wa herufi wa kulinganishwa na orodha. Ukibadilisha orodha, umebadilisha lugha. Lakini Hopper alisimulia baadaye, katika mkutano wa historia ya lugha za programu wa mwaka 1978, kwamba onyesho hilo liliwashtua wakubwa wake. Haikuwaingia akilini kwamba mashine ya Kimarekani, iliyoundwa Philadelphia, ingeelewa lugha za kigeni. Iliwachukua yeye na wenziwe miezi minne kuwahakikishia kwamba wangetumia Kiingereza peke yake.

Lugha iliyotokana na kazi hiyo, FLOW-MATIC, ikawa mojawapo ya misingi ya COBOL, ambayo matayarisho yake yalianza mwaka 1959 na taarifa yake ya kwanza ikatoka mwaka 1960. Kwa muda mrefu hesabu za benki na serikali nyingi duniani zilifanywa kwa COBOL. Hivyo Kiingereza kikaenea pamoja nayo. Tuzingatie jinsi kilivyopata nafasi hiyo: uwezo wa kutumia lugha nyingine ulikuwapo mezani, ukaondolewa kwa sababu ya hofu ya wenye mali. Fundi aliyeijua mashine kuliko wote chumbani ndiye aliyesema kwamba inawezekana.

Ugomvi wa nukta na mkato

Miaka mitatu baadaye jambo hilo hilo lilizuka kwa sura nyingine. Mnamo Mei 1958 wataalamu wanane, wanne wa Marekani na wanne wa Ulaya, walikutana Zurich, Uswisi, ili waunde lugha moja ya kimataifa ya kuelezea mahesabu. Lugha hiyo ndiyo iliyoitwa ALGOL. Mkutano huo ulikaribia kuvunjika kwa sababu ya alama moja ndogo. Wamarekani huandika desimali kwa nukta. Wengi wa bara la Ulaya huiandika kwa mkato. Hakuna upande uliokuwa tayari kuiacha alama yake.

Suluhisho lililopatikana lilikuwa la hekima. Wajumbe waliafikiana kwamba lugha iwe na madaraja matatu. La kwanza ni lugha ya rejea, inayoeleza kanuni. La pili ni lugha ya uchapishaji, ambayo kila nchi huiandika kwa desturi yake. La tatu ni lugha ya mashine husika, inayofuata herufi zilizopo kwenye mashine hiyo. Maana ni moja katika madaraja yote, umbo hubadilika. Taarifa ya ALGOL ya mwaka 1960, iliyotokana na mkutano wa Paris na kuhaririwa na Peter Naur wa Denmark, ilikwenda mbele zaidi. Ilieleza kwamba maneno yaliyochapishwa kwa wino mzito, kama lile la kuanzia fungu la amri, huhesabiwa kila moja kuwa alama moja isiyo na uhusiano na herufi zinazoliunda. Kwa lugha nyingine, neno lile lililoonekana kuwa Kiingereza lilikuwa picha tu. Ndiyo maana wataalamu wa Kisovieti hawakupata taabu kuiandika ALGOL kwa maneno ya Kirusi.

Taarifa hiyo ina umuhimu mwingine kwetu wanaisimu. Sarufi yake ilielezwa kwa kanuni za kuandika upya, ambazo John Backus wa Marekani aliziwasilisha mwaka 1959 na Naur akazirekebisha. Katika kanuni hizo kila kundi la maneno huelezwa kwa makundi yanayoliunda, kama vile sentensi inavyogawanywa kuwa kirai nomino na kirai kitenzi. Noam Chomsky alikuwa ameeleza sarufi za namna hiyo kwa ajili ya lugha za binadamu mwaka 1956, na mwaka 1962 Ginsburg na Rice walithibitisha kwamba njia ya Backus na sarufi huru ya muktadha ya Chomsky ni sawa kwa nguvu zake. Mwaka 1967 Peter Ingerman alipendekeza kwamba Pānini naye aheshimiwe katika jina la njia hiyo, kwa kuwa mwanasarufi huyo wa Kihindi alieleza Kisanskriti kwa kanuni za aina hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Yaonekana, basi, kwamba sayansi ya lugha za programu ilichota katika kisima kimoja na isimu.

Watoto na kisomo cha pili

Majaribio tuliyoyataja yalifanywa kwa ajili ya wahandisi na makarani. Mwaka 1967, huko Cambridge, Massachusetts, Wallace Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walianza kuunda lugha ya watoto iitwayo Logo. Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, na kabla ya kwenda Marekani alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mchunguzi wa fikra za watoto. Katika Logo mtoto humwamuru kobe anayetembea na kuchora mstari nyuma yake. Jambo lililo kuu ni kwamba mtoto humfundisha kobe maneno mapya. Kwa maneno yetu, somo hilo lingeweza kuandikwa hivi:

kufanya MRABA
rudia mara 4: nenda mbele 100, geuka kulia 90
mwisho

Baada ya hapo MRABA ni neno la lugha kama maneno mengine yote, na mtoto anaweza kulitumia katika kufundisha neno jingine kubwa zaidi. Papert alishikilia kwamba mtoto ndiye anayeiprogramu mashine, wala si mashine inayomprogramu mtoto. Logo ilitafsiriwa katika lugha kadhaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilifikishwa Dakar, Senegal, kwa mpango wa kituo cha kimataifa kilichokuwa Paris.

Katika Muungano wa Kisovieti kazi iliyofanana na hiyo iliongozwa na Andrei Ershov wa Novosibirsk. Mwaka 1981, akihutubia mkutano huko Lausanne, Uswisi, alieleza kwamba uandishi wa programu ni kisomo cha pili. Tarehe 1 Septemba 1985 somo la informatika liliingizwa katika madarasa ya juu ya shule za nchi hiyo nzima. Shule nyingi hazikuwa na kompyuta hata moja. Wanafunzi waliandika programu zao daftarini, kwa lugha ya algorithimu yenye maneno ya Kirusi yaliyofupishwa, kisha wakazifuatilia hatua kwa hatua kwa kalamu. Anayezijua shule zetu za mashambani hatashindwa kuona funzo lililomo humu. Kufikiri kwa utaratibu kulifundishwa mahali pasipo na mashine, kwa kuwa lugha ilikuwapo tayari vinywani mwa wanafunzi.

Pale majaribio yalipokwama

Haitakuwa haki kutaja mafanikio tu. Wapo wanaosema kwamba kila taifa likiwa na maneno yake, waandishi wa programu watashindwa kusomeana kazi zao, na hoja yao ina uzito. Mwaka 1993 kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la Excel ambalo lugha yake ya programu iliandikwa kwa Kijerumani, Kifaransa na lugha nyingine. Mpango huo uliachwa katika toleo la mwaka 1997, na lugha hiyo ikarejea kwenye Kiingereza. Lakini katika Excel hiyo hiyo majina ya vitendo vya hesabu vinavyoandikwa kwenye visanduku yameendelea kutafsiriwa. Mjerumani huandika jina la kujumlisha kwa Kijerumani. Mwingereza akilifungua faili lile huliona kwa Kiingereza, kwani ndani ya faili kitendo huhifadhiwa kwa namna moja. Tofauti kati ya mambo haya mawili ni ile ile ya Zurich. Mahali ambapo umbo limewekwa juu na maana ikawa moja chini, tafsiri haiwatenganishi watu.

Jaribio jingine ni la Ramsey Nasser, ambaye mnamo mwaka 2012 aliunda lugha ya programu kwa Kiarabu. Aliiita Qalb, yaani moyo, neno ambalo Waswahili wanalo katika umbo la kalbi. Lugha hiyo ilifanya kazi iliyotakiwa. Hata hivyo, vyombo vinavyoizunguka kompyuta, vya kuandikia na kuonyesha maandishi, vilikuwa vimejengwa kwa kudhani kwamba herufi ni za Kilatini na mstari huanzia kushoto. Nasser alikusudia kuudhihirisha upendeleo huo, na aliufaulu. Kiswahili, kinachoandikwa leo kwa herufi za Kilatini, hakina kizuizi hicho.

Kwa upande mwingine, lugha ya Scratch, iliyotolewa Massachusetts mwaka 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick, mwanafunzi wa fikra za Papert, imeutimiza mpango wa madaraja. Amri zake ni vitofali vya rangi vinavyopachikwa pamoja. Mtoto akichagua lugha nyingine, maneno yaliyo juu ya vitofali hubadilika ilhali programu haiguswi. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha hizo.

Je, sarufi nayo?

Kufikia hapa msomaji anaweza kuona kwamba kazi imekwisha: tutafsiri maneno, basi. Hapana. Kutafsiri maneno ni hatua ya kwanza tu, kwa kuwa katika lugha nyingi za programu haikuazimwa msamiati peke yake. Mpangilio wa sentensi nao uliazimwa. Kiingereza huanzisha sharti kwa neno lililosimama peke yake. Kiswahili kinalo neno 'kama', lakini kinalo pia kiambishi -ki- kinachokaa ndani ya kitenzi, kama katika 'ikizidi' au 'wakiisha'. Mtafsiri huchagua 'kama' kwa kuwa linalingana na la Kiingereza, na uwezo wa pili huachwa bila kujaribiwa.

Mifano ya sarufi kuingia katika lugha za programu ipo. Katika FORTRAN ya mwaka 1957, iliyoundwa na kikundi cha Backus, jina la kigeu lililoanza kwa herufi yoyote kutoka I hadi N lilihesabiwa kuwa la namba kamili. Mengine yalikuwa ya namba zenye desimali. Herufi ya mwanzo ilionyesha kundi la jina, na kundi hilo lilitawala yale yaliyoruhusiwa kuandamana nalo. Mwanafunzi yeyote wa Kibantu ataona hapa kivuli cha ngeli na upatanisho wa kisarufi. Mtu akisema 'kitabu mkubwa imeanguka', msikilizaji hulitambua kosa kabla ya kwenda kuangalia kama kitabu kimeanguka au la. Mfasiri anayekagua aina za vigeu hufanya kazi hiyo hiyo: hulishika kosa kabla programu haijaanza kwenda.

Mwaka 1987 zilitoka lugha mbili zinazofaa kutajwa. HyperTalk ya kampuni ya Apple ilikuwa na kiwakilishi kimoja, 'it', kilichobeba tokeo la amri iliyotangulia. Kiwakilishi hicho kilipendwa, lakini kilibeba kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa kuwa Kiingereza hakitofautishi vitu visivyo na uhai. Kiswahili kinaweza kusema 'kisome, kisha uifute', na msikilizaji akajua kwamba kinachosomwa ni kitabu na inayofutwa ni orodha. Ya pili ni Perl ya Larry Wall, mtu aliyesomea isimu kwa nia ya kuzishughulikia lugha ambazo hazijaandikwa, pengine barani Afrika. Katika Perl jina la kitu kimoja hutanguliwa na alama ya dola, na la vitu vingi hutanguliwa na alama nyingine. Ukichukua kimoja katika vingi, alama ya mbele hubadilika kuwa ya umoja. Huo ni upatanisho wa idadi, uliobuniwa na mtu aliyefunzwa kuzitazama lugha za binadamu kwa makini.

Hitimisho

Tumeona kwamba Zuse alitunga lugha isiyo na maneno ya taifa lolote. Kwamba Hopper alionyesha lugha tatu juu ya mashine moja mwaka 1955. Na kwamba wajumbe wa Zurich waliitenga maana na umbo mwaka 1958 kwa sababu ya nukta. Ershov alifundisha kwa lugha ya wanafunzi, hata pasipokuwa na mashine. Kwa hiyo, dai kwamba kompyuta ni ya Kiingereza kwa maumbile yake halina msingi katika historia ya kompyuta yenyewe.

Yatupasa kufanya mambo mawili. La kwanza ni kuwapa watoto wetu umbo la Kiswahili juu ya maana iliyo moja duniani kote, ili wajifunze kufikiri kwa utaratibu bila ya kungoja Kiingereza, na bila ya kukatwa na wenzao wa nchi nyingine watakapokua. Ubishi juu ya 'kompyuta' na 'tarakilishi' usiichelewishe kazi hii. La pili ni la utafiti. Ngeli, viambishi vya mtendwa, na -ki- ya masharti ni mali ambayo lugha za programu zimeigusa kwa ncha ya kidole tu. Yapo matatizo ndani yake: ngeli zetu hazifuati maana kila mara, na kitenzi chenye viambishi vingi huhitaji mfasiri mwenye sarufi pana zaidi. Matatizo hayo ni ya wanaisimu kama yalivyo ya wahandisi, na idara za lugha za Kiafrika ndizo zilizo na maarifa ya kuyaanzia.